Kopo la Buluu Kando ya Taa ya Kijani

“Nyumba nimeifunga kwa mkono wangu, ufunguo nimeutia mfukoni. Mwizi kaingia kaniua, na ufunguo bado ninao. Kapitia wapi?”

Inspekta alikitega kitendawili hicho saa nne asubuhi, mlangoni mwa chumba cha swichi cha gati la sita. Wa kukitegua alikuwa koplo wake peke yake, na koplo mwenyewe alikuwa bado anatafuna mkate.

“Nimeshindwa, afande.”

“Basi nipe mji.”

“Chukua wowote. Mimi nina usingizi.”

Pale bandarini hakuna aliyemwita Inspekta kwa cheo. Walimwita Sindano. Alikuwa mama mnene, mpole wa uso, mwenye sauti ya mtu anayekukaribisha chai. Aliingia taratibu, na ulipoanza kulia ndipo ulipojua kuwa ameshatoka upande wa pili.

Ukutani mwa chumba kile kulikuwa na mkono mkubwa wa chuma, mkono wa kutoa umeme wa nchi kavu kwenda gatini. Ulikuwa umeshushwa chini, na juu yake imening’inia kufuli nyekundu yenye namba kumi na tisa. Kila fundi umeme wa bandari ana kufuli yake moja na ufunguo wake mmoja. Kabla hajagusa waya, huja hapa akashusha mkono, akatundika kufuli yake, akatia ufunguo mfukoni. Hakuna ufunguo wa pili, si kwa bosi wala kwa nani. Mafundi huiita kufuli ya roho.

Fundi wa kufuli namba kumi na tisa alikuwa amelala kwenye jokofu la hospitali. Jana saa nane mchana alikutwa nyuma ya sanduku la umeme la gati, amejikunja kama mtoto, viganja vyeusi. Daktari alikuta ufunguo mfukoni mwake.

Na mtu aliyeandikwa kuwa amemuua alikuwa tangu jana usiku kwenye selo ya kituo: Mzee wa Swichi, mlinzi wa chumba hiki kwa miaka ishirini na sita. Ripoti ya nyapara wa gati ilisema Mzee alipandisha mkono wa umeme kwa chuki, fundi akaungua, kisha Mzee akaichukua kufuli kwenye mkoba wa marehemu akaibana. Kufuli haihitaji ufunguo kufungwa. Inahitaji kidole tu.

“Na chuki ilikuwepo,” koplo alisema. “Fundi alimshtaki mwezi uliopita kwa kulala kazini. Tangu hapo hawasalimiani. Mkuu anataka karatasi mezani saa kumi, Mzee asomewe mashtaka ya kuua.”

“Meli nayo?”

“Inaondoka saa kumi hiyohiyo.”

“Ahaa. Kumbe hata kifo kina ratiba.”

Sindano aliinama kwenye mita iliyokuwa chini ya mkono wa umeme. Akavaa miwani. Kando yake kulikuwa na daftari ambamo Mzee huandika namba za mita kila asubuhi na kila jioni, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Akasoma ya jana asubuhi, ya jana jioni, na ile iliyokuwa kwenye kioo. Zote tatu zilikuwa sawa.

“Koplo, ile fomu ya meli inasemaje?”

Koplo alifuta makombo, akaifungua. Ilikuwa karatasi nzuri, yenye jani la kijani pembeni. Juu iliandikwa Umoja wa Hiari wa Meli Safi, na chini yake, kwa herufi za mapambo, Hiari Yashinda Utumwa.

Umoja huo ulikuwa wa wenye meli na wenye mizigo. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Waliapa wenyewe kwamba watapunguza moshi unaoipasha dunia joto, na kwamba kila meli ikifunga gati itazima jenereta zake na kunywa umeme wa nchi kavu kwa kebo. Meli ikifanya hivyo mara sita mfululizo, hupewa bendera ya kijani. Na wenye maduka makubwa ng’ambo walikuwa wameanza kusema mizigo yao haipandi meli isiyo na bendera hiyo.

“Imeunganishwa saa mbili asubuhi,” koplo alisoma. “Jenereta imezimwa. Imekunywa umeme wa nchi kavu hadi saa nane mchana. Mara ya sita. Sahihi ya chifu injinia wa meli, sahihi ya fundi umeme wa gati.”

“Saa sita nzima imekunywa?”

“Ndivyo ilivyoandikwa.”

“Meli yenye ukubwa wa mtaa mzima imekunywa saa sita, na mtungi haukupungua hata tone.” Akagonga kioo cha mita kwa ukucha. “Basi ama meli ina muujiza, ama fomu ina uongo. Na mimi miujiza nimeiachia nyumba za ibada.”

*

Nyuma ya uzio wa bandari, mkabala na gati la sita, kulikuwa na dobi. Mama huyu alifua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni, akayaanika kwenye kamba nane zilizopangwa kama mistari ya daftari. Alipoona askari alianza kusema kabla hajaulizwa.

“Kama mmekuja kwa ajili ya maji ya mfereji, mimi nalipia. Kama mmekuja kwa ajili ya moshi, mmechelewa miaka mitatu.”

“Tumekuja kwa ajili ya moshi, dada yangu,” Sindano alisema. “Tusamehe kuchelewa. Jana asubuhi ulianika?”

“Ee! Nilianika saa moja, mashuka arobaini ya hospitali. Saa nne nayaanua, nikadhani yamepata ndui. Njoo uone, sijayafua tena. Nilisema nitampelekea mtu ayavae.”

Akatoa bunda chini ya meza. Shuka la kwanza lilikuwa jeupe, limetapakaa vitone vyeusi, vidogo kama mbegu za ufuta. Sindano alikipitisha kidole juu ya kitone. Kikaacha mkia wa mafuta.

“Hii ni ya meli ile?”

“Kulikuwa na meli nyingine? Jana gatini ilikuwa peke yake. Bomba lile, moshi mwembamba tangu alfajiri mpaka jioni, haukukatika hata kidogo. Na upepo huu, mwanangu, hauna adabu, unaniletea mimi tu.”

“Saa tatu ulikuwepo?”

“Nilikuwepo. Wageni walikuja na makoti, wakasimama pale chini, wakapiga makofi. Nikasema, jamani, wanaupigia moshi makofi.”

“Wewe umeshawaambia hawa wa Umoja?”

“Niliwaandikia barua mara mbili. Wakanijibu kwa heshima kabisa.” Dobi akacheka kicheko kikavu. “Walisema meli hiyo haina moshi. Ina karatasi.”

Sindano alilikunja shuka, akaandika namba yake na saa, akampa dobi atie dole gumba. Kisha akamwambia mafundi wa maabara watayachukua yaliyobaki, asiyafue.

“Na hospitali nitawaambia nini? Wagonjwa walalie nini?”

“Waambie polisi wameyalalia.”

*

Chifu injinia wa meli aliwapokea kwenye ofisi yake ndogo juu ya chumba cha injini. Sakafu ilitetemeka chini ya viatu. Alikuwa mtu mwembamba, ameshaoga na kuvaa sare ya safari, na macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

“Dakika kumi, mama. Nina maandalizi.”

“Zinatosha. Kuzaliwa kwenyewe huchukua chache kuliko hizo.” Sindano akaketi bila kukaribishwa. “Jana kutoka saa mbili jenereta zilikuwa zimezimwa?”

“Zimezimwa.”

“Mlikunywa umeme wa nchi kavu?”

“Imeandikwa.”

“Sikuuliza imeandikwa nini.”

Sindano alimwashiria koplo. Koplo akalikunjua shuka la hospitali juu ya meza, juu ya ramani na kikombe cha kahawa, likafunika kila kitu.

“Hii ni nini?”

“Ni shajara ya meli yako. Imeandikwa na bomba lako. Saa moja asubuhi hadi saa nne, jana.” Akaweka na karatasi yenye namba za mita kando. “Na hii ni ya nchi kavu. Tangu jana hatujawapa hata cheche. Sasa niambie mlikuwa mnapikia nini, mshumaa?”

Chifu alilitazama shuka. Alipozungumza, sauti yake haikubadilika. Alisema kama mtu anayesoma orodha ya vipuri.

“Chombo cha kupokelea umeme wa nchi kavu kiliungua safari mbili zilizopita. Kipuri hakijaja. Tukichomeka kebo haitupi kitu. Tunaichomeka kwa ajili ya picha.”

“Na anayekagua?”

“Nani akague? Ni hiari. Wanataka picha ya kebo na sahihi ya fundi wa gati. Basi.”

“Fundi alisaini?”

“Safari iliyopita alisaini, akanung’unika. Jana alikataa. Alikuja hapa saa mbili na nusu, akasema ataichomoa kebo, na akiona wageni atawaambia. Nikamwambia, ongea na nyapara wako, ni shemeji yako, mtaelewana nyumbani.”

Koplo aliinua kichwa. Sindano hakuinua. Nyapara wa gati, aliyeandika ripoti, alikuwa kaka wa mjane wa fundi, toka nitoke. Hilo halikuwemo kwenye ripoti.

“Lakini fomu imesainiwa,” Sindano alisema. “Na daktari anasema huyu mtu alikufa kati ya saa tatu na saa nne. Maiti yenu ina mwandiko mzuri.”

“Aliileta nyapara, saa sita mchana. Ilikuwa imeshasainiwa. Mimi sikusoma.”

“Hukusoma. Haya. Jana saa tatu, wageni wako gatini. Kwenye sanduku la umeme kuna taa. Ikiwaka kijani, watu wanajua kebo ina umeme. Nchi kavu mkono umeshushwa. Iliwashwa na nani?”

Chifu alitazama saa ya ukutani tena.

“Nikisema, nitaondoka saa kumi?”

“Usiposema, hutaondoka wewe wala kikombe chako.”

“Nyapara aliniita kwenye redio. Akasema wageni wanataka kuona taa, mkono wa nchi kavu una kufuli. Nisukume umeme wangu kwenye kebo kutoka huku juu, maana kupokea hatuwezi ila kutoa tunaweza, dakika tatu tu, taa iwake. Hiyo ni kinyume na utaratibu. Nikamuuliza, gati wazi, hakuna mtu kwenye waya? Akajibu, wazi. Nikawasha.”

Hapo ndipo kitendawili kilipoteguka. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli, na fundi aliulinda vizuri sana. Mwizi alikuja kwa mlango wa nyuma, kwa kebo ileile, kutoka kwenye meli iliyoapa kuwa imelala. Fundi alikuwa ameingiza mikono miwili kwenye sanduku, akijua amejifungia.

“Ulipowasha uliona nini kwenye mashine?”

“Mshale uliruka. Ukarudi.”

“Uliruka kwa nini?”

“Kulikuwa na kitu kwenye waya.” Akalisukuma shuka pembeni kwa vidole viwili, akavuta kikombe chake. “Mimi ni mtu wa mashine, mama. Gatini sioni. Niliuliza, nikajibiwa.”

“Koplo, mfunge.”

“Ulisema nikisema ukweli nitaondoka!”

“Nilisema usiposema hutaondoka. Ya kusema sikuyataja.” Sindano alisimama, akanyoosha kanga begani. “Meli itaondoka. Ina chifu wa pili. Wewe utabaki ututafsirie mshale.”

*

Ngazini koplo alikuwa na haraka. “Afande, tumkamate nyapara sasa hivi.”

“Kwa kosa gani?”

“Amesema gati wazi!”

“Atasema hakumwona mtu. Atasema alidhani fundi amekwenda kula. Atalia, atajipiga kifua, na hakimu atamwita mzembe. Mzembe hufungwa miezi sita, akitoka anapewa pole. Mimi nataka kujua kama alijua.”

Ofisi ya Umoja ilikuwa kwenye jengo la utawala la bandari, ghorofa ya kwanza, yenye mimea ya plastiki. Katibu wake, kijana wa tai ya kijani, aliwatolea picha za jana kwa furaha. Zilikuwa zimeshachapwa kubwa, kila moja na saa yake pembeni.

“Tulihuzunika sana kuhusu ajali,” alisema. “Lakini ilitokea saa nane, wageni wameshaondoka. Nashukuru Mungu kwa hilo.”

“Mshukuru taratibu,” Sindano alisema, akazipanga mezani.

Ya kwanza ilipigwa saa tatu na dakika nne. Wageni ndio wanafika. Sanduku la umeme, kubwa kama kabati la nguo, limesimama katikati, taa yake imezimika. Pembeni chini, penye kona ya kwenda nyuma, kuna kitu kidogo cha buluu.

Ya pili ilikuwa ya saa tatu na dakika tisa. Wageni wamepangwa mstari. Taa bado imezimika. Nyapara anatokea upande wa kona ile, redio mkono mmoja, mkono mwingine uko nyuma ya mgongo. Kitu cha buluu hakipo.

Ya tatu, saa tatu na dakika kumi na moja. Taa ya kijani inawaka. Wageni wanapiga makofi. Nyapara anatabasamu kuliko wote.

“Hii ya tatu ndiyo tutakayoiweka kwenye kalenda,” Katibu alisema.

Sindano alivua miwani, akaitumia kama kioo cha kukuza juu ya picha ya kwanza. Kitu cha buluu kilikuwa kopo la chakula, la mviringo, limefungwa kwa ukanda mwekundu.

“Koplo, soma orodha ya vitu vya marehemu.”

“Ufunguo. Leso. Koleo. Mkanda. Miwani ya kazi. Mkoba wa vyombo.”

“Kopo?”

“Hakuna kopo, afande.”

“Mtu huweka wapi chakula chake akiwa kazini, Koplo?”

“Karibu naye. Kisije kikaliwa na paka.”

“Basi anayeliona kopo anajua mwenyewe yuko hatua mbili nyuma yake.” Akaiweka picha ya pili juu ya ya kwanza. “Na anayeliondoa kopo, halafu ndipo anasema kwenye redio ‘wazi,’ huyo hakusahau kitu. Amefagia kwanza, ndipo akakaribisha wageni.”

Katibu alikuwa ameacha kutabasamu. “Sijaelewa. Mnamaanisha wakati tunapiga makofi…”

“Nyapara mlimwahidi nini?”

“Cheo tu. Gati lake lingekuwa la kwanza kutoa bendera. Angesimamia magati yote ya kijani. Yeye alijitolea sana.”

“Na bendera mtaitoa?”

Katibu alilegeza tai. “Kanuni zinasema picha na sahihi. Vyote vipo. Umoja wetu ni wa hiari, mama, hatuna kifungu cha kumnyang’anya mtu.”

Sindano alizikusanya picha zote. “Ya kalenda naichukua. Tafuteni ua.”

*

Nyumba za wafanyakazi wa bandari zimepangwa mistari miwili, milango ikitazamana, mfereji wa maji machafu katikati. Kwa marehemu watu walikuwa wamejaa barazani. Nyapara alikuwa mlangoni, kifua wazi, macho mekundu, akipokea pole za watu kwa mikono miwili. Alikuwa mkubwa wa familia, na ukubwa ulimkaa vizuri.

“Karibu, afande,” alisema. “Yule mzee ameshakiri?”

“Bado. Ana shingo ngumu. Nimekuja kumpa pole dada yako, na koo limenikauka.”

“Nitakuletea maji.”

“Kaa, kaka. Mwenye msiba hatumwi. Jikoni napajua, jiko ni jiko.”

Jikoni kulikuwa na jiko la mafuta, ndoo mbili na kichanja cha vyombo. Juu ya kichanja, kati ya sufuria, lilikuwa limepinduliwa kopo la buluu. Ukanda wake mwekundu, uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, ulikuwa umetundikwa msumarini ukauke. Limeoshwa mpaka linang’aa.

Sindano alirudi nalo sebuleni. Hakulificha. Mjane alikuwa chini kwenye mkeka, amekumbatia magoti. Wanawake waliokuwa naye walipoona uso wa koplo walisogea mmoja mmoja, wakatoka. Nyapara akaingia.

“Mama,” Sindano alimwambia mjane, “hili la nani?”

“La baba watoto.”

“Lilirudi lini?”

Mjane alimtazama kaka yake. Nyapara akajibu upesi: “Ni la juzi. Jana hakubeba chakula. Nilimwona mwenyewe anaingia kazini mikono mitupu.”

“Nimemuuliza yeye.”

“Afande, huyu amefiwa. Kama una maswali njoo baada ya mazishi. Hata ng’ombe akichinjwa hupewa maji kwanza.”

“Kweli kabisa.” Sindano akaketi mkekani, goti kwa goti na mjane, akatandaza picha tatu mbele yake kama mtu anayempa mwenzake karata. “Tazama hapa, mama. Saa tatu na dakika nne. Hiki cha buluu unakijua?”

Mjane alitazama. Kidole chake kiligusa ukanda mwekundu kwenye picha.

“Niliufunga mimi. Kibanio kilivunjika.”

“Asubuhi ya jana?”

Kidole cha mjane kilibaki kwenye ukanda.

“Dada,” Nyapara alisema kwa sauti ya chini, “fikiria watoto. Mkubwa wao sasa ni nani? Nyumba hii ni ya bandari. Atakayewatetea msifukuzwe ni nani?”

Kidole kilihamia picha ya tatu, ya taa ya kijani.

“Hawa wanacheka nini?”

“Wanapiga makofi. Taa imewaka.”

“Baba watoto yuko wapi hapa?”

“Nyuma ya sanduku. Hatua mbili kutoka kwa kaka yako.”

“Ameshakufa?”

Koplo alikohoa. Alikuwa ameisoma ripoti ya daktari, na alikuwa amemwomba Sindano garini kwamba ukurasa wa pili usomwe mahakamani tu, mjane asiusikie sebuleni kwake. Akakohoa tena. Sindano hakugeuka. Sauti yake ilikuwa ileile ya kukaribisha chai.

“Hajafa, mama. Daktari anasema aliishi robo saa. Ulimi ulikufa ganzi, hakuweza kupiga kelele. Alikuwa anawasikia.”

Mjane hakulia. Alifungua mdomo, ukabaki wazi, hakuna kilichotoka. Koplo alitazama nje mlangoni. Sindano alingoja, mikono mapajani, kama mtu anayengoja chungu kichemke.

Kisha mjane akasema, taratibu, akilitazama kopo:

“Lilirudi saa tano asubuhi.”

“Dada!”

“Alilileta yeye. Saa tano, nafagia hapa nje. Liko zito. Nikamwambia, mbona chakula kimerudi? Akasema shemeji leo amealikwa mezani na wageni wa Umoja, anakula kuku kwa uma. Nikacheka. Nilifurahi. Nikasema chakula kisimwagwe. Nikawapa watoto, nami nikala kilichobaki. Yeye mwenyewe nilimpa kijiko, akaonja. Akasema chumvi imezidi.”

Mwili ulikutwa saa nane. Hakuna aliyehitaji kuhesabu, lakini koplo alihesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu, kisha akaificha mikono.

Nyapara alikuwa ameegemea ukuta. “Lingeonekana kwenye picha,” alisema, kwa sauti ya mtu anayelalamika kuwa ameonewa. “Kopo bovu namna ile, mbele ya wageni! Nilimwambia atoke. Nilimwambia mara mbili. Akasema wakifika atasimama aseme. Angesimama, afande! Kazi ya miaka mitatu!”

“Alikuwa amepiga magoti,” Sindano alisema. “Ulimwona miguu.”

“Nilimwona miguu.”

“Ukasema nini kwenye redio?”

Alifunga macho. “Nilisema wazi.”

Mjane alilichukua kopo mapajani mwa Inspekta, akaligeuza, akachungulia ndani. Akamrudishia.

“Chukua. Ningejua nisingeliosha.”

Koplo alitoa pingu na mfuko wa plastiki. Akalitia kopo mfukoni, akaufunga. Barazani watu walikuwa wamesimama wote, mistari miwili ya milango ikitazama. Kituoni Mzee wa Swichi alikuwa bado hajaambiwa kitu, na gari lilikuwa mwisho wa mtaa, ng’ambo ya mfereji.

“Afande,” Nyapara alinong’ona, “nakuomba kitu kimoja. Gari lisogezwe mpaka hapa mlangoni. Hawa ni majirani zangu.”

“Hapana. Njia unaijua. Jana uliipita saa tano.” Sindano akauchukua mfuko mikononi mwa koplo, akamtundikia kwenye mikono yake yenye pingu. “Na mzigo wako unaujua.”

Kutoka bandarini honi ya meli ililia mara moja, ndefu. Saa kumi kamili. Juu ya mapaa bomba lilionekana likisogea, moshi mwembamba nyuma yake, na kwenye mlingoti bendera mpya ya kijani bado ina mikunjo ya sandukuni.

Nyapara alitembea mtaa mzima. Hakuna aliyemtukana wala kumrushia kitu. Watu walimtazama mikono tu. Kopo lilikuwa tupu, limeoshwa, jepesi kama karatasi, lakini alilibeba kama limejaa.